Shairi Lililoondoka na Shati la Buluu

Mzee Pasi hapendi kuitwa mshairi. Ukimwita hivyo mbele ya wateja, anakutazama kama mtu aliyekanyaga sakafu iliyopigwa deki sasa hivi. Yeye ni dobi, anasema, na hata udobi wenyewe ni nusu, maana inayofua ni mashine. Yeye kazi yake kunyoosha. Ana miaka hamsini na tisa. Thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza akiwa amesimama mbele ya meza ileile, kwenye chumba kirefu chembamba chenye kioo kikubwa upande wa barabara na mlango wa nyuma unaoachwa wazi ili mvuke upate pa kutokea. Bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Mikononi ana alama ndogondogo za kuungua, na ukimuuliza atakuambia hii ilitokana na suruali ya nani na ile na pazia la nani.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mwenye mashati manne, na kila Jumatatu nilikuwa namwachia matatu. Ndivyo tulivyofahamiana. Ila habari ya kwamba anaandika niliipata kwa Mama Vifungo.

Mama Vifungo hushona vifungo vilivyokatika, hukunja mashati na kuyafunga. Kila shati likishakunjwa hutiwa kadibodi nyembamba kifuani ili lisilegee, na rundo la kadibodi hizo hukaa ukingoni mwa meza ya Mzee. Basi Mzee, anaposubiri pasi ipate moto, huchomoa moja akaandika kwa penseli. Zilizoandikwa huzilaza upande wake wa kushoto, uso chini, na hakuna anayezigusa.

"Mwalimu," Mama Vifungo aliniambia siku moja bila kuinua macho kwenye sindano, "wewe unayezunguka mtaa mzima kutafuta washairi, huyu hapa anatumalizia kadibodi."

Mzee alikohoa, akaikandamiza pasi kwenye kola ya watu kama vile kola ndiyo iliyomsema.

Wakati huo mimi na wenzangu wawili tulikuwa tumeanzisha usomaji wa mashairi kila Jumamosi saa kumi alasiri, kwenye ukumbi wa nyuma wa maktaba. Viti vya plastiki arobaini, chupa mbili za chai, kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma mpaka tukakitupa. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtaa usioisikia sauti yake utaishi kwa kuazima sauti za wenye madaraka. Nilitaka mwenye kuuza viatu asimame aseme, na muuguzi, na mlinzi wa lango. Na nilitaka mashairi yenye miguu yake. Kwa hiyo tukaweka sharti moja: hakuna kueleza. Ukisimama ukaanza "shairi hili niliandika wakati ambapo..." ukumbi mzima unagonga viti kwa viganja mpaka unyamaze usome. Watu walilipenda sharti hilo kuliko mashairi yenyewe. Kuna mzee mmoja fundi saa alikuwa akija, nadhani, kwa ajili ya kugonga tu.

Ilinichukua miezi miwili kumleta Mzee Pasi. Mara ya kwanza alikaa karibu na mlango, hakusema neno. Ya pili akasoma mistari sita kuhusu kifungo kimoja alichokikuta ndani ya mashine, hakijulikani ni cha shati gani, na mahali fulani kuna mtu anatembea na shati wazi. Watu walicheka, halafu wakanyamaza, halafu hawakujua wafanye nini. Tangu siku hiyo akawa wa kwetu. Alikuwa akisoma polepole, kadibodi ameishika kwa mikono miwili mbali na uso, kwa kuwa miwani yake aliisahau dukani kila Jumamosi.

Lakini kulikuwa na shairi moja ambalo hakuwa amelisoma. Nililiona juu ya meza yake, limefutwa na kuandikwa upya hadi kadibodi ikaota manyoya. Lilikuwa la binti yake.

Habari ya binti nilipewa vipande vipande, kati ya shati na shati. Mtoto wake wa pekee, aliyemlea peke yake baada ya mama mtu kufariki. Sasa ni mkunga kwenye zahanati ya upande wa pili wa mji. Miaka sita hawajasemezana. Ameolewa, ana mtoto wa kiume wa miaka mitano. Habari ya mtoto Mzee aliambiwa na mteja, yeye hajamtia machoni. Nilipomuuliza walikosania nini, alisema, "Tulipishana," akageuza shati upande wa pili. Mimi ninayewapigia wanafunzi kelele darasani kwamba waulize, waulize tena, sikuuliza tena.

Mara moja kwa mwezi, siku yake ya mapumziko, alikuwa akipanda basi hadi kule. Mkabala na zahanati kuna duka la vifaa vya shule. Mzee aliingia humo akajifanya anachagua penseli, huku jicho liko ng'ambo ya barabara. Mara nyingi hakuona kitu. Siku moja alimwona akitoka na koti lake jeupe la kazini.

"Anapigiwa pasi na mtu mvivu," aliniambia. "Mkono wa koti una mistari miwili. Unajua mistari miwili maana yake nini? Mtu amekosea mara ya kwanza, hakujali kuufuta." Akainua pasi. "Ningeufuta kwa dakika moja."

Penseli alizonunua duka lile zilijaa kopo zima.

Nilipomsihi sana anionyeshe shairi, alinipa nikalisoma nikiwa nimesimama mlango wa nyuma, kwenye mvuke. Nakumbuka sehemu hii:

*Nimenyoosha mikono ya watu elfu*
*nisiowajua hata majina.*
*Wako, nilioujua tangu vidole vitano*
*vilipoweza kushika kimoja changu,*
*huo ndio sijaugusa.*

Sikulala na amani juma lile. Nilijiambia hili ndilo tunalolipigania. Hapa ndipo shairi linafanya kazi ambayo barua, simu na wazee wa usuluhishi hawawezi. Nilimwambia Mzee kwamba binti lazima alisikie. Si kupelekewa kwa simu, hapana: akae ukumbini alisikie kutoka kinywani mwa baba yake. Mzee alisema nimechanganyikiwa. Wiki iliyofuata alisema labda. Iliyofuata tena aliniuliza, huku akitazama pembeni, kama mwaliko wetu huwa unaandikwa au unasemwa kwa mdomo.

Niliupeleka mwenyewe. Binti alinipokea kwenye korido ya zahanati, kalamu nne mfukoni, uso wa baba yake mtupu, hata ule mtindo wa kuinamisha kichwa anaposikiliza. Aliisoma karatasi mara mbili.

"Ni yeye aliyekutuma?"

Nikamwambia ndiye.

"Amesema hivyo kwa mdomo wake?"

Nikamwambia kwa mdomo wake. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni pamoja na kalamu, akasema hatoi ahadi, ana zamu. Siku nne baadaye niliona ujumbe wake kwenye simu yangu: atakuja Jumamosi.

Nilikimbia hadi kwa dobi kama mtoto. Mzee alipousikia alizima pasi, akakaa kwenye kiti. Mama Vifungo alisema miaka yote ile hajawahi kumwona amekaa kabla ya saa sita. Kisha Mzee akataka kulinakili shairi kwenye daftari safi, kwa mwandiko mzuri. Hapo ndipo nilipoingiza mdomo wangu. Nilimwambia asithubutu. Asome kwenye kadibodi hiyohiyo, na manyoya yake na mafuta ya vidole, binti aone kazi iliyofanyika. Nilisema maneno mengi kuhusu ukweli. Mzee akanitazama, akasema, "Wewe ndiye uliyesoma," akalirudisha shairi kwenye rundo lake la kushoto, uso chini.

Wiki hiyo umeme ulikatika Jumanne ukarudi Alhamisi asubuhi. Nguo za siku mbili zilikuwa zimejaa hadi mlangoni. Walifanya kazi bila kula, Mzee ananyoosha, Mama Vifungo anakunja. Kadibodi zikamwishia. Mzee alikuwa nyuma anapakua mashine, na wateja wamesimama wanapiga miluzi. Mama Vifungo akanyoosha mkono upande wa kushoto, akachukua chache za juu, akasema moyoni kwamba jioni atamweleza Mzee, aseme zipi zifuatwe kwa wateja. Jioni alisahau.

Niliwakuta Ijumaa baada ya vipindi. Mzee alikuwa amepanga kadibodi zake zote sakafuni, safu kwa safu. Mama Vifungo alikuwa amekaa, mikono mapajani, bila sindano.

Tulifungua daftari la tiketi tukaorodhesha waliochukua mashati tangu Alhamisi mchana. Kumi na mmoja. Wenye simu tuliwapigia, wengine tukawafuata kwa miguu, mimi na Mzee, yeye amevaa ndala zake za kazini bila kujua. Mteja mmoja alitufungulia kabati lake lote. Mwingine alidhani tumekuja kumwomba radhi kwa kifungo, akatukaripia kwa kifungo. Kadibodi tatu tulizipata: shairi la mashine, la pazia, la kifungo kisicho na shati. Lile la binti hapana.

Nyumba ya kumi ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima mwenye lango la kijani. Alitukaribisha ndani, akatutaka tukae, na nilipoanza kueleza akaweka mkono mdomoni.

Mashati yalikuwa ya mwanawe, anayefanya kazi mbali, siku mbili kwa basi. Alikuwa amemfungia kifurushi na asubuhi hiyo amekipeleka kituoni. Kadibodi aliiona, ndani ya shati la buluu. Aliisoma amesimama.

"Nilidhani ni huduma mpya mmeanzisha," alisema, akajaribu kucheka. Halafu akaacha. "Hapana, nisiseme uongo. Nilijua si yangu. Lakini mwanangu hajanipigia simu tangu mwezi wa pili. Mimi sijui kuandika vile. Nikaona nimwachie, alisome yeye."

Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, mikono katikati ya magoti. Nilimwomba mama ampigie mwanawe, akikipokea tu kifurushi atusomee kwa simu, hata kama ni kesho kutwa. Akasema simu yake mwana huyo huwa haipokei. Hakulisema kwa kulalamika. Mzee alisimama akamshika mkono, akamwambia, "Basi lifike salama, dada," na tukatoka.

Jumamosi asubuhi tulikaa naye dukani kujaribu kulikumbuka. Nilikuwa na kalamu na karatasi, nikadhani saa moja inatosha. Haikuwa hivyo. Alikuwa amelifuta mno. Kila mstari aliokumbuka ulikuja na wenzake watano aliowahi kuwatupa, na hakujua tena yupi alibaki. Nikimkumbusha mstari nilioushika mimi, alisema, "Huo niliutoa," kisha, "au niliurudisha." Nilipendekeza tuahirishe. Nimwandikie binti kwamba ukumbi una shughuli nyingine.

"Nimwahirishie tena?" alisema. Hiyo "tena" niliisikia, nikaiacha ipite.

Saa kumi ukumbi ulijaa. Binti aliingia wakati msomaji wa kwanza ameshaanza, akakaa safu ya mwisho, mkoba juu ya magoti, hakuuweka chini. Mzee alikuwa safu ya pili. Hakugeuka, lakini niliona shingo yake ikikaza, na nikajua amejua.

Zamu yake ilikuwa ya nne. Alikwenda mbele mikono mitupu. Watu walizoea kumwona na kadibodi. Mtu akanong'ona kwamba leo mzee kahifadhi kichwani.

"Nilikuwa na shairi," alisema. "Lilikuwa la mtu aliyemo humu. Limepotea. Kwa hiyo nitaeleza tu lilikuwa linahusu nini."

Fundi saa akagonga kiti. Si kwa ubaya. Ni sharti letu. Mwingine akadakia, na wa tatu, na mara ukumbi mzima unagonga na kutabasamu, wakingoja anyamaze asome. Mzee alisimama katikati ya mlio ule akifungua mdomo na kuufunga. Sharti lilikuwa langu. Nilikuwa nimeshanyanyuka, nusu nimesimama, sijui kama niwanyamazishe au nimwondoe mbele asiendelee kuaibika, na mpaka leo naona haya kwamba nilichelewa.

"Mwacheni aseme."

Ilikuwa sauti ya binti kutoka nyuma. Hakuipandisha. Nadhani ndivyo anavyosema na ndugu wa wagonjwa. Viganja vilikoma.

Mzee akamtazama kwa mara ya kwanza. Akasema, "Lilikuwa linasema nimekukosa. Mistari ishirini na minane, yote nimekukosa, nimekukosa. Halikuwa linasema kwa nini." Akafuta midomo. "Nimewanyooshea magauni maharusi wa mtaa huu wote. Wengine siwajui. Wewe ulikuja na la kwako siku ya Alhamisi, harusi Jumamosi. Nikalipokea kama la mteja. Nikakuandikia tiketi, njoo Jumanne."

Hakuna aliyecheka. Mama Vifungo, aliyekaa karibu nami, alikuwa ameinamisha uso.

"Mume uliyemchagua hakuwa na kosa," Mzee aliendelea. "Fundi bomba, mtu wa kazi yake. Mimi nilikuwa nimekusomesha nikajipangia mkwe daktari, ili utoke kwenye mvuke. Nikaona unarudi kwa watu wa mikono kama mimi. Ukalichukua gauni lako bila kusema, na nikasikia uliolewa nalo hivyohivyo, na mikunjo yake. Niliyafanya hayo kwa makusudi. Sikupitiwa. Ndilo lililokuwa halimo kwenye shairi."

Alitaka kurudi kukaa, lakini binti alikuwa amesimama.

"Baba, Jumanne nilikuja."

Mzee akabaki pale pale.

"Nilikuja na mume wangu. Nilisema, tiketi inasema Jumanne, twende. Mama hapa akaniambia umetoka." Hakumtazama Mama Vifungo. "Viatu vyako vilikuwa chini ya meza."

"Nilikuwemo," Mzee alisema. "Nyuma, karibu na mashine. Nilikusikia mpaka ukaondoka."

"Najua ulinisikia. Ndiyo maana nilikaa sana."

Wakatazamana juu ya vichwa vya watu wote wale. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu kuhusu nyakati kama hizo na nilikuwa na hakika kwamba sasa mmoja atamwendea mwenzake. Hakuna aliyekwenda. Binti alivuta mkoba begani, akamwambia baba yake kwamba zamu yake inaanza saa kumi na mbili. Mlangoni akasita.

"Bado unafunga Jumapili?"

"Jumapili tu," Mzee alisema. "Siku nyingine zote nipo."

Akaitikia kwa kichwa, ameuinamisha upande mmoja, akatoka. Mzee alibaki amesimama hadi fundi saa alipoinuka, akamshika kiwiko, akamrudisha kitini. Jumamosi hiyo hatukuendelea na usomaji. Tulikunywa chai.

Ni miezi mitatu sasa. Binti hajaja. Mwezi uliopita alimpigia Mama Vifungo, wakaongea kwanza wao wawili, kwa muda mrefu na kwa machozi, na mwishoni akasema mtoto ameuliza babu yake anafanya kazi gani, naye amemwambia ananyoosha nguo, na mtoto hakuelewa nguo inapindaje. Mama Vifungo aliyafikisha maneno hayo yote kama yalivyo. Mzee akamtaka ayarudie.

Niliendelea kumshawishi aliandike upya lile shairi, safari hii na gauni ndani yake. Nilimwambia litakuwa kubwa kuliko la kwanza, na nilikuwa nasema kweli. Alinisikiliza kwa adabu. Jumamosi haji tena kusoma. Amesema atarudi, lakini Jumamosi alasiri ndio wakati ambao mtu mwenye zamu za zahanati anaweza kupata nafasi, na yeye hataki kuwa ametoka.

Amehamisha meza yake. Ilikuwa katikati ya chumba. Sasa iko mbele kabisa, imegusana na kioo cha barabarani, na waya wa pasi umepitishwa darini kwa kamba ili ufike. Mama Vifungo ananung'unika kwamba sasa wateja hawamwoni yeye gizani kule nyuma. Shida nyingine ni mvuke: mlango wa nyuma uko mbali, kwa hiyo unatanda kwenye kioo, na kila baada ya shati moja barabara haionekani. Mzee anaweka pasi chini, anakifuta kwa kiwiko cha mkono wa kulia, anatazama juu na chini ya barabara, kisha anachukua shati jingine.